Mpe Jembe Jepesi: Sifa za Ujumbe wa Kukaribisha

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, meli yake ilipokaribia bandari, mashua ndogo ziliisogelea. Ndani yake walikuwamo vijana wa mji, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyu ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara akishuka hakuhangaika kutafuta pa kufikia. Alikwenda kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemsaidia kuuza na kununua. Walipoambiwa kwamba Ibn Battuta hakuja kwa biashara, kwamba yeye ni mwanazuoni wa sheria, wakasema huyo basi ni mgeni wa kadhi. Kadhi mwenyewe akateremka ufukweni na wanafunzi wake kumpokea.

Katika mapokezi hayo kuna mambo matatu ambayo kila anayeandika ujumbe wa kukaribisha wageni angefaa kuyabandika ukutani mbele yake. Chakula kilitangulia maswali. Mgeni alipewa mtu mmoja, mwenye sura na jina. Hakuachiwa mji mzima. Na kabla ya kupelekwa popote ilijulikana amekuja kufanya nini, maana pa kufikia mfanyabiashara si pa kufikia mwanazuoni. Maandishi hayakuhitajika. Leo yanahitajika, kwa kuwa mgeni haji tena kwa meli na hakuna anayemwona akija.

Anakuja kwa simu. Amebonyeza kiungo alichotumiwa na shemeji yake, au admini amemwingiza bila hata kumuuliza, na ghafla yumo: kundi la ukoo, la kikoba, la kamati ya harusi, la waliomaliza shule pamoja, la wazazi wa darasa la kwanza, la wafugaji wa kuku wa kienyeji, la Wazanzibari walioko Muscat. Mstari mdogo unatangaza kwamba ameingia, basi. Kwa miaka mingi WhatsApp haikumwonyesha mgeni hata neno moja la yaliyosemwa kabla hajafika, kwa hiyo anajikuta katikati ya maongezi ya watu asiowaona, wanaocheka jambo asilolijua. Dakika hiyo kuna maandishi mafupi yatakayomfikia kwanza. Kuna mtu aliyeyaandika, pengine usiku, kwa kidole gumba, bila jina lake kutajwa popote. Mtu huyo nataka kumsifu, na kazi yake pia, kwa sababu ni kazi ya ufundi na wanaoifanya vizuri ni wachache.

Waswahili hatukuanza jana kukaribishana kwa maandishi. Nyaraka za mwambao za karne ya 19, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilianza kwa msururu wa heshima na dua kabla ya mwandishi kufikia haja yake. Shuleni tulirithi toleo lake la kitoto: mimi ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni juu yako. Wengi waliicheka sentensi hiyo walipokua, lakini ilijua kazi yake. Ilimtoa msomaji wasiwasi kwamba barua imebeba msiba, kisha ikamgeukia yeye na kumuuliza hali. Baadaye vikaja vilabu vya salamu redioni. Watu ambao hawajawahi kuonana walijaza kadi za salamu, wakajipa majina ya utani, wakatajana hewani mpaka wakawa kama majirani. Aliyezoea kusikiliza vipindi vile hashangai leo kwamba mtu anaweza kuwa na ndugu wa kundini asiyemjua sura.

Wamarekani nao wana kisa chao. Mwaka 1989 kampuni iliyokuja kujulikana kama America Online ilitaka programu yake isikike na sauti ya mtu. Mfanyakazi mmoja, Karen Edwards, akamtaja mumewe Elwood, aliyekuwa mtu wa utangazaji. Elwood akajirekodi kwenye kaseti akiwa sebuleni kwake. Alirekodi kauli nne tu: ya kukaribisha, ya kuarifu kwamba kuna barua, ya kusema faili limekamilika, na ya kuaga. Katika miaka ya 1990 mamilioni ya watu walipokewa na sauti hiyo kila walipoingia mtandaoni, na alipofariki mwaka 2024 magazeti yalimkumbuka kwa maneno yale machache. Kauli nne, na hakuna hata moja iliyoamuru wala kuonya. Kampuni ilikuwa na masharti yake, marefu na mazito kama ya kampuni yoyote, lakini haikumpa Elwood ayasome mlangoni.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea njia. Fungua makundi kadhaa katika simu yako utakutana na ukaribisho wa namna moja: neno la karibu kwa herufi kubwa, maua mawili ya rangi, halafu kanuni kumi na tano. Marufuku siasa. Marufuku dini. Marufuku matangazo. Marufuku picha za ajali. Marufuku kusambaza ujumbe usiothibitishwa. Atakayekiuka ataondolewa bila taarifa. Mgeni hajasema hata habari za asubuhi, na tayari ameshatishiwa kufukuzwa.

Tusiwalaumu mno waandishi wa kanuni hizo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, na Kenya ilipata yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao mwaka 2018. Maadmini wengi wamesikia, kwa usahihi au kwa uvumi, kwamba kinachotumwa kundini kinaweza kuwarudia wao. Mtu mwenye hofu huandika kwa ajili ya hakimu anayemwazia. Msomaji wake wa kweli, yule mgeni aliyeingia sasa hivi, hamwoni kabisa. Ndiyo maana ukaribisho wa namna hiyo, hata ukiwa na maua, una harufu ya ofisi ya serikali ya mtaa siku ya Jumatatu.

Hata hivyo dawa si kuzificha kanuni. Mtafiti J. Nathan Matias alifanya jaribio katika jumuiya ya mazungumzo ya sayansi kwenye Reddit, yenye wafuasi zaidi ya milioni 13. Katika mijadala iliyochaguliwa kwa bahati nasibu uliwekwa juu kabisa ujumbe mfupi unaokaribisha, unaoeleza ni maoni gani yatafutwa, na unaosema kwamba wasimamizi wanahimiza mazungumzo ya heshima. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba wageni walifuata kanuni zaidi kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wao katika mijadala ukapanda kwa wastani wa asilimia 70. Wengi wangetarajia kinyume, kwamba mgeni akiziona kanuni atarudi alikotoka. Mgeni haogopi sheria ya nyumba. Anaogopa kuivunja bila kujua, mbele za watu. Anayemwambia mapema amemwokoa na aibu. Lakini ujumbe ule ulikuwa wa mistari michache, nao ulianza kwa kukaribisha. Naamini urefu na mpangilio wake navyo vilisaidia.

Sasa tushike kalamu. Kwa anayeandika kwa Kiswahili ugumu unaanza kwenye salamu yenyewe. Hujui anayeingia ana umri gani. Mwalimu mstaafu na mwanafunzi aliyemfundisha wanaweza kuingia kwa kiungo kimoja, asubuhi moja. Ukianza na mambo vipi, mzee atajiona ameingia kijiweni. Ukianza na shikamoo, kijana wa miaka kumi na tisa atacheka, au atabaki hajui aitikie vipi. Ukianza na Bwana asifiwe, Mwislamu hatalalamika, ila atajua kimyakimya kwamba hapa si kwake. Na ukianza na assalaam aleikum katika kundi la mchanganyiko, Mkristo atasoma hivyo hivyo. Kundi la kwaya au la madrasa linahitaji hasa salamu hizo. Kundi la wapangaji wa jengo moja halizihitaji.

Wasemaji wa hadhara walikwisha kulitatua tatizo hili kwa ustadi mkubwa: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Kila msikilizaji anajipanga mwenyewe, hakuna anayekosewa heshima. Tatizo ni kwamba salamu hiyo ni ya umati, na anayeingia kundini ni mmoja. Kwake inafaa salamu isiyouliza umri, kama habari za huko uliko, ikifuatiwa na jina lake kama alivyoliandika yeye. Jina ndilo kitu pekee alichokuja nacho. Kuliandika vibaya, au kulipuuza na kumwita mwanachama mpya, ni kumwambia kwamba hatukuangalia ni nani aliyefika.

Baada ya salamu, ujumbe una kazi ya kujibu maswali matatu ambayo mgeni hatayauliza kwa sauti. Ninyi ni nani? Hapa kunafanyika nini? Mimi nifanye nini sasa? Jumbe nyingi hujibu la kwanza kwa historia ya kundi na orodha ya viongozi, la pili kwa marufuku, na la tatu haziligusi. Na hilo la tatu ndilo linaloamua kama mgeni atakaa.

Wikipedia imejifunza somo hili kwa gharama. Ilianza Januari 2001, toleo la Kiswahili likafuata 2003, na desturi yake ya kukaribisha ni ya kizamani kabisa: kila aliyejisajili ana ukurasa wake wa majadiliano, na mwenyeji humwachia hapo salamu pamoja na viungo vya kumwongoza. Lakini kuanzia 2007 idadi ya wahariri hai wa toleo la Kiingereza ilianza kushuka. Aaron Halfaker na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2013, walieleza sehemu ya sababu. Wenyeji walikuwa wamejitengenezea programu za kupambana na waharibifu, na programu hizo ziliwafanya wafute kwa kasi hata kazi za wageni wenye nia njema, wakiwaachia onyo la maneno yaliyoandikwa tayari kwa ajili ya yeyote. Mtu amejikakamua akaandika sentensi yake ya kwanza juu ya kijiji chao. Jibu lililomfikia halikutofautiana na lile la mtoto aliyechora matusi. Wengi hawakurudi.

Kilichofuata kinafundisha zaidi. Mwaka 2012 katika toleo hilo palifunguliwa mahali palipoitwa Teahouse, nyumba ya chai, ambapo mgeni anauliza chochote na kujibiwa kwa upole na mtu. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba walioalikwa huko walielekea kudumu zaidi kuliko wasioalikwa. Halafu ukaja ukurasa wa mwanzo kwa kila mgeni. Hapo anapangiwa mlezi mmoja wa kumuuliza, na anapewa kazi ndogo ndogo za kuanzia: kuongeza kiungo kati ya makala mbili, kusahihisha tahajia. Hakuna anayemtaka aandike historia ya dola ya Kilwa siku ya kwanza. Anaombwa arekebishe neno moja.

Wahenga wetu walilisema hili kwa ufupi, ingawa tumezoea kulisikia vibaya. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kama kauli ya mwenyeji aliyechoka: chakula kinapungua, mgeni haondoki, basi naye akalime. Mimi naiona upande wa pili. Aliyewahi kukaa ugenini anajua uchungu wa siku ya tatu, pale kila mtu ana shughuli na wewe umekalia kiti unaangalia. Unajitolea kuosha vyombo, unaambiwa hapana, wewe ni mgeni. Kwa ukarimu huohuo unabaki mgeni. Siku ukipewa jembe ndipo unaambiwa, bila hotuba, kwamba shamba hili sasa linakuhusu. Jembe ndilo linalomaliza ugeni.

Ujumbe wa kukaribisha uliosanifiwa vizuri ni ule unaofupisha siku hizo mbili na kumpa mgeni jembe jepesi mapema. Jepesi, nasisitiza. Kazi ya kwanza iwe ndogo kiasi kwamba hawezi kuikosea, na iwe ya kweli kiasi kwamba wengine watafaidika nayo. Hicho ndicho kipimo, na ni kigumu kuliko kinavyosikika.

Chukua mfano wa kundi la akina mama wenye watoto wachanga. Makundi ya aina hiyo yamejaa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na kazi yao ni kubwa kuliko wanavyosifiwa. Mgeni anaingia akiwa na siku chache tangu atoke wodini. Halali. Ana maswali anayoona haya kumuuliza mkwe wake. Ukaribisho wa kawaida utamwambia: jitambulishe kwa jina kamili, umri, kazi, unapoishi na picha yako. Hayo ni maelezo ya polisi. Tena ni hatari, kwa kuwa anayaweka mbele ya mamia ya watu asiowajua, pamoja na habari kwamba yuko nyumbani na kichanga. Kundi la WhatsApp, ambalo mwaka 2016 lilibeba watu 256, tangu mwishoni mwa 2022 linaweza kubeba 1,024. Hilo si baraza tena, ni mkutano wa hadhara.

Mimi ningeandika hivi:

“Pole na hongera, Mama Fulani. Habari za huko uliko? Humu tuko walezi wa watoto wachanga mpaka wa mwaka mmoja. Wengine ni mtoto wa kwanza, wengine wa tano. Maswali ya saa tisa usiku tunayapokea, maana mara nyingi kuna mwenzako yuko macho. Jambo moja kubwa: mtoto akishindwa kunyonya, akipata homa, degedege au akipumua kwa shida, usisubiri jibu letu, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Tunaombana mawili tu: picha za watoto wa humu zisitoke nje, na dawa zisiuzwe humu. Mimi ndiye mpokea wageni wa wiki hii. Ukiwa na swali la pembeni niandikie. Ukipata nafasi, tuambie jana usiku mtoto alikuacha ulale saa ngapi. Usipopata nafasi, soma tu, hatutakuhesabia.”

Kila sentensi hapo ina sababu yake, na nyingine zimepatikana baada ya kufuta nyingine. Neno la kwanza lingeweza kuwa hongera peke yake. Lakini si kila anayeingia ameshika mtoto kwa furaha. Yuko bibi anayelea mjukuu baada ya kumzika binti yake. Yuko aliyejifungua kwa upasuaji na bado hawezi kuinuka. Desturi yetu ya kumwambia mzazi pole na hongera kwa pamoja ina busara isiyopatikana katika kadi za dukani: inatoa nafasi kwa mambo yote mawili bila kuuliza ni lipi lililokupata. Kwa sababu hiyohiyo nimeandika walezi badala ya akina mama, ili bibi yule asijione amepotea njia. Na kama mgeni mwenyewe hakujiandika Mama Fulani, asiitwe hivyo. Aitwe kwa jina alilokuja nalo.

Dalili za hatari zimetangulia kanuni. Mwandishi anayejali mpangilio hujiuliza: mgeni akisoma nusu tu ya ujumbe huu kisha mtoto akalia, ni nusu ipi ningependa awe ameisoma? Kanuni mbili zimebaki kati ya kumi na tano zilizowezekana, kwa kuwa hizo mbili ndizo ambazo madhara ya kuzivunja hayarekebishiki: picha ikishatoka haifutiki, na dawa ya kienyeji au ya kughushi ikishanyweshwa haitapikwi kwa kanuni. Zilizobaki, kuhusu matangazo ya vitenge na salamu za Ijumaa, zinaweza kukaa kwenye maelezo ya kundi, mahali WhatsApp ilipopafungua mwaka 2018, akazisoma siku yake.

Halafu jembe lenyewe: jana usiku ulilala saa ngapi? Swali hili halina jibu lenye makosa. Halihitaji elimu, kabila, dini wala bando kubwa la intaneti. Anayejibu hajaanika anapoishi wala mume wake ni nani. Na jibu lake, hata likiwa la neno moja, lina faida kwa wengine, maana yule aliyelala kwa saa mbili tu jana anagundua kwamba hayuko peke yake. Mgeni amelima tuta moja bila kujua kwamba ameshika jembe. Swali hilo haliwezi kuhamishiwa kundi lingine. Kwa wafugaji wa kuku lingekuwa: leo umeokota mayai mangapi? Kwa waliosoma pamoja: ulikaa dawati la mbele au la nyuma? Kwa kikoba lingekuwa jingine kabisa, maana pale mtu ameleta fedha zake na anataka kwanza kujua nani anashika daftari. Anayetafuta ujumbe mmoja wa kunakili na kubandika kila mahali amekwishaiacha kazi kabla ya kuianza.

Sentensi ya mwisho, ile ya kumruhusu asome tu, ndiyo maadmini wengi watataka kuifuta. Tunapenda wageni wanaochangamka. Lakini katika kila kundi wengi ni wasikilizaji, na kuna mtu ambaye miezi mitatu ya kusoma kimya ndiyo iliyomvusha. Kumlazimisha aseme ni kumfukuza kwa njia ya heshima. Jembe umwekee karibu, usimfungie mkononi.

Kuna pingamizi la haki hapa. Admini ana kazi zake, wageni wanaingia kila siku, na roboti zipo. Telegram iliruhusu roboti tangu 2015, na leo yeyote anaweza kuweka moja imtaje kila anayeingia kwa jina, sekunde ileile. Uchovu wa wenyeji ni jambo la kweli na la zamani. Katika mtandao wa Usenet kila Septemba walimiminika wanafunzi wapya wa vyuo vikuu, na wakongwe walitumia wiki kadhaa kuwafundisha adabu za mahali. Kisha, katika miaka ya 1993 na 1994, makampuni kama America Online yakawafungulia wateja wao mlango, wageni wakawa wengi kuliko wanaoweza kufundishwa, na wakongwe wakauita wakati huo Septemba isiyoisha. Waliokuwa na subira walishindwa kwa hesabu tu.

Kwa hiyo sipingi roboti kubeba sahani. Kinachonisumbua ni roboti kuuliza swali. Swali ni ahadi: anayekuuliza ulilala saa ngapi amekuahidi kwamba atasikiliza. Mama yule akiandika saa tisa usiku kwamba hajalala kabisa, na kimya kikatanda mpaka asubuhi, ukapita utani wa watu wengine, likapita tangazo la semina, basi ingekuwa heri asingeulizwa. Ujumbe ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni jibu la jibu. Ndiyo maana katika rasimu yangu kuna mpokea wageni wa wiki. Zamu hiyo ni jukumu dogo linalozunguka, na linamwondolea admini mmoja mzigo wa kuwa mwenyeji wa watu elfu. Watu wa Mogadishu walikuwa na hesabu hiyo: sahani moja, kijana mmoja, mgeni mmoja.

Wenyeji pia wana faida yao hapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika makundi yetu uponyaji huo unaonekana wazi. Kundi lililokaa pamoja muda mrefu huacha kujieleza. Vifupisho vinaongezeka, utani wa ndani unanenepa, watu watatu wanajibizana na wengine wote wanawatazama. Mgeni akiuliza kwa nini dawa haziuzwi humu, mtu analazimika kueleza, na akieleza huenda akakumbuka sababu aliyokwisha kuisahau, au akagundua kwamba haipo tena. Kila ujumbe wa kukaribisha unaoandikwa upya ni nafasi ya kundi kujiuliza bado lipo kwa ajili gani. Kundi lisiloweza kujibu kwa mistari miwili halina tatizo la ujumbe. Lina tatizo jingine, na maua ya rangi hayatalificha.

Ndiyo maana mwandishi bora wa ujumbe huu si mwanzilishi. Mwanzilishi anapajua mahali mno. Hawezi tena kukumbuka giza la dakika ya kwanza. Mkongwe naye huandika kwa ajili ya makosa aliyoyaona miaka yote, ndipo kanuni zinapofika kumi na tano. Anayefaa ni aliyeingia mwezi uliopita. Yeye bado anakumbuka ni neno gani hakulielewa, ni kanuni gani ilimtisha bure, ni nani aliyemjibu kwanza na alimjibuje. Mpeni rasimu, mwambieni afute na kuongeza atakavyo, na mkubali atakachofuta hata kama kiliandikwa na mwenyekiti. Mwezi ujao apewe mwingine. Ujumbe utabadilika mara kwa mara, na baadhi ya mistari mizuri itapotea, lakini hakuna hasara hapo: kwa mtu ambaye bado anajiuliza kama mahali hapa ni pake, hakuna jembe linalomfaa kuliko kuombwa yeye ndiye awakaribishe wengine.